Nasirumbi wa Laini ya Pili

Jumanne saa nne asubuhi, Nasirumbi alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake, Buhehe, akishona mfuko wa kaptura ya shule, bodaboda ilipomleta Nasirumbi mwingine kutoka upande wa Kenya. Alikuwa amevaa gauni lile lile la bluu, na kidole chake kilikuwa na alama zile zile za sindano.

"Dada, wewe unanichezea," alisema Odwori, mwenye bodaboda. "Nakutoa Marachi, nafika huku nakuta umenitangulia."

"Huyo ni wa laini ya Kenya," Nasirumbi alimjibu. Alikata uzi kwa meno, akamwambia mgeni aingie ndani, uji upo.

Hakuwa wa kwanza. Matayo, jirani yake, alikuwa amempata wa kwake tangu Jumamosi. Mpakani kila mtu ana laini mbili za simu, ya Uganda na ya Kenya, na Kikao, mtandao ambao watu waliandikiana humo salamu na habari, kilihesabu kila laini kuwa mtu. Kila laini iliyojisajili ilipewa tokeni kumi, sarafu ya Kikao isiyoshikika mkononi. Kikao kilieleza kwamba tokeni ni mali ya wanakikao wote, na kwamba kadiri wamiliki wanavyoongezeka ndivyo thamani inavyopanda, maana kitu kilichoshikwa na wengi hakiwezi kuangushwa na mmoja. Nasirumbi aliliamini neno hilo kwa moyo wake wote. Alisajili vijiji vitatu, laini kwa laini. Wamiliki walipofika elfu nne, bei ilipanda mara sita, na wale waliohesabiwa bila kuwepo wakaanza kufika.

Ofisa wa mpaka aliwaomba vitambulisho. Walimwonyesha laini zao. Aliwaandika pamoja na wavukaji wa kila siku, akawaelekeza wasipite kwenye foleni ya malori.

Matayo hakulalamika. "Wacha alime," alisema. "Mgongo ni hii hii yangu, lakini yake haijaanza kuuma."

Kwa Nasirumbi, jambo kubwa lilikuwa jingine. Tangu mama yake afariki, miaka minne iliyopita, watu walileta nguo zilizochanika, wakazichukua, wakaenda. Baada ya tokeni, walikuja wakakaa. Waliuliza bei ya leo, kisha wakabaki kusema habari za mihogo na za harusi. Anjeline, muuza dagaa wa omena aliyevuka kila siku kutoka ng'ambo, alikuwa akishusha beseni lake na kuvua viatu kabisa.

"Wee msichana, umetutoa mbali," alimwambia. "Ata mamangu anakuombea, na hajakuona."

Nasirumbi alijua kilichowaleta ni tokeni. Aliongeza maji ya chai hata hivyo.

Kisha Kikao kiliitisha kura. Mwanzilishi wake, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, alikuwa ameahidi kutogusa tokeni zake kwa miaka mitano. Huu ulikuwa mwaka wa pili, naye alitaka kuziuza. Je, wenye mali wanakubali? Nasirumbi alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu, na Nasirumbi wa laini ya pili akazunguka upande wa pili wa barabara. Wote elfu nne walikataa, waliozaliwa na waliokuja kwa bodaboda. Mtu mmoja alikubali.

Aliyekubali alishinda. Kikao kilihesabu vichwa kilipotaka kusifiwa. Kura kilizihesabu kwa tokeni, na pochi ya mwanzilishi ilikuwa na nyingi kuliko za wote kwa pamoja. Ukaja ujumbe wa kuwashukuru kwa kushiriki. Mwanzilishi akauza zake, na kufikia Ijumaa tokeni kumi hazikutosha kununua kiberiti.

Jumamosi Anjeline alipita, beseni kichwani. Hakulishusha.

"Ulituambia ni yetu."

"Ni yetu, dada."

"Si basi tungemzuia?"

Nasirumbi aliigeuza kaptura iliyokuwa mapajani, akaitazama mishono. Anjeline alimngoja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa alimngoja kwa adabu, mpaka shingo ikamchoka. Kisha akaenda zake.

Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kuja. Kaptura za shule zilianza kupelekwa kwa fundi wa Masafu.

Wale wa laini ya pili hawakuondoka, maana bado walikuwa wamiliki. Nasirumbi alidhani walau atapata wa kuzungumza naye. Alianza kusimulia siku mama yake alipomfundisha kutunga uzi kwenye sindano, na mwenzake akaimalizia sentensi. Alianza nyingine, ikawa vile vile. Hakuna aliyekuwa na habari asiyoijua mwenzake.

Jumapili, baada ya ibada, walikubaliana kurudi kwa njia mbili, mmoja kwa barabara kuu, mwingine kupitia mashambani, ili kama kuna mtu wa kuwasalimu asiwakose wote wawili. Nasirumbi alitembea polepole sana. Alipofika nyumbani, mwenzake alikuwa ameshaketi kwenye benchi la baraza, amekunja mikono.

"Wamekusalimu?" mwenzake aliuliza.

"Nilimkuta Matayo. Aliangalia mihogo yake. Na wewe?"

"Nilimkuta yule Matayo mwingine. Naye aliangalia mihogo."

Nasirumbi alivua viatu vya kanisani, akaketi upande wa pili wa benchi, akaacha katikati nafasi ya mtu mmoja.