Kengele ya Kipande cha Pili

Kwanza lilikuwa vumbi. Kabla ya picha, kabla ya muziki, kabla ya jina lolote kutokea kwenye kitambaa cheupe, taa zilizimwa, mwanga ukachomoza kwenye tundu la ukuta wa nyuma, na ndani ya mwanga ule vumbi likaanza kucheza. Lilikuwa vumbi lilelile nililolifagia asubuhi, vumbi la viatu vya watu na viti vya zamani, vumbi lisilo na maana yoyote. Lakini lilipopita juu ya vichwa vyetu liking'aa, hata waliokuwa wakigombania nafasi walinyamaza. Mimi nilisimama chini yake, msichana mwenye kurunzi mkononi, na wala sikujua kwamba nina furaha.

Unalikumbuka vumbi lile, mume wangu? Nauliza tu. Jibu ninalo.

Kazi yangu ilikuwa kukalisha watu. Viti vya jumba lile la sinema nilivijua tabia zao: hiki kina msumari, hiki kinalia, hiki ukikiegemea kinakulaza chali mbele za watu. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikaa pembeni, akabishana na watu wa kwenye picha toka mwanzo hadi mwisho, akiwaonya, geuka, yuko nyuma yako, mjinga wewe. Mkunga alikaa mbele kabisa kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu na miwani hakuitaka. Nilifundishwa kumulika miguu ya watu, nisiwamulike usoni, kwa hiyo mtaa mzima niliujua kwa viatu. Vyako vilikuwa na matope.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana vijana wa leo wanadhani filamu ni kitu cha kutiwa mfukoni. Filamu ilikuwa mzigo. Ilikuja imegawanywa vipande, kila kipande kimezungushwa kwenye gurudumu la chuma, kila gurudumu limelazwa ndani ya mkebe wake wa bati. Na mji mzima ulipata nakala moja. Majumba yalikuwa mawili: lile la katikati ya mji, la viti laini na watu wa manukato, na hili letu la mtaani, mabenchi mbele na mabati juu. La mjini lilianza kwanza. Kipande cha kwanza kikimalizika kule, ulikifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, ukakileta kwetu, ukakikabidhi, ukarudi mbio kufuata cha pili. Soko, mteremko, daraja, reli. Mchana kutwa ulikuwa mtu wa kwenda na kurudi, na kisa kizima kilikuwa nyuma ya mgongo wako.

Treni ikikuzuia relini, au tairi likipasuka, kwetu kipande kilikwisha na kingine hakijafika. Taa ziliwashwa. Watu wakapiga miguu chini, wakapiga miluzi, wakamtukana fundi mitambo, maskini ya Mungu, aliyekaa kule juu na mashine yake hana la kufanya. Hapo mimi, mwembamba wa mwili mkubwa wa sauti, nilipita katikati ya viti nikisema yaleyale. Tulieni, kinakuja. Tulieni jamani, kinakuja.

Na kilikuja. Kengele yako tuliisikia kabla hatujakuona, kriing, kriing, kutoka darajani, kutoka relini, kutoka kona ya mwisho, na jumba zima likapiga makofi. Watu wakakubandika jina, Kengele. Mpaka leo wapo wanaokujua kwa hilo tu, jina ulilopewa na mama yako hawalijui.

Wewe uliyebeba filamu zote za mji ule, hukuwahi kuona hata moja nzima. Ulipanda ngazi ukampa fundi mitambo mkebe, ukashuka, ukanywa maji kwenye kopo langu bila kuomba, ukasimama nami nyuma ya pazia la mlango ukatazama kidogo, halafu huyo. Mwanzo hukuuona, mwisho hukuuona. Ulikuta watu wanafukuzana hujui nani kakosa, ukawaacha wanalia hujui wanalilia nini. Kesho yake, kabla mlango haujafunguliwa, uliegemeza baiskeli ukutani ukaniuliza: "Iliishaje?"

Nami nikakusimulia. Wenzetu walichumbiana kwa barua, walichumbiana kwa zawadi, sisi tulichumbiana kwa miisho. Nilikwambia nani kaoa, nani kafungwa, nani kapanda meli asirudi. Nikikufupishia kwa uchovu ulijua papo hapo, ukasema hebu rudia, umeruka kitu. Kuna siku nilimaliza kusimulia na wewe hukuondoka. Uliishika kengele ya baiskeli ukawa unaipangusa na kidole, ukasema haya, hiyo imeisha, na yetu je? Nilikucheka mpaka ukaona haya. Nikakuacha na haya zako hadi jioni, ndipo nikakubali.

Halafu ikaja siku ya mvua.

Namba za vipande ziliandikwa kwa chaki juu ya mikebe. Siku ile jumba la mjini lilivuja, likafunga mapema, kwa hiyo ulibeba vipande viwili vya mwisho kwa pamoja, na mvua ikakunyeshea njia nzima. Ulipofika ulikuwa umelowa chapachapa, na mikebe ilikuwa mitupu juu yake, chaki yote imeoshwa. Fundi mitambo akaitazama, akakuna kichwa, akaweka alichobahatisha. Akaanza na cha mwisho.

Basi tukamwona stelingi wetu, shujaa wa filamu, akipigwa risasi. Tulijua sote kwamba stelingi hafi. Wengine wote wafe, yeye hafi. Huyu akafa. Wakamzika, mkewe akamtupia udongo, na ukumbi ukaangua kilio. Fundi cherehani alivua kiatu, nusura akirushe kwenye kitambaa. Kisha mashine ikaguruma, kile kipande kingine kikaanza, na huyo stelingi, shati lilelile, anatembea akipiga mluzi, anafika kwake, anabisha hodi. Mkewe akafungua mlango akicheka, akamgombeza kwamba chakula kimepoa.

Halafu kule mbele mkunga akasimama akapiga kigelegele, na jumba lote likamfuata. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Hakuna aliyeuliza kafufukaje, na nani angeuliza? Kesho yake fundi mitambo akavipanga vipande sawasawa, wakamzomea, wakataka waonyeshwe kama jana. Ikabidi aonyeshe hivyo mpaka filamu ilipoondoka mjini, mtu anazikwa, mtu anarudi, watu wanakwenda nyumbani wakiimba.

Na kwa kuwa hapakuwa na kipande kingine cha kufuata, siku ile ulibaki nami nyuma ya pazia mpaka taa zikawaka. Ndiyo filamu ya kwanza uliyoiona hadi mwisho, na mwisho wenyewe haukuwa wake. Ulinishika mkono. Wako ulikuwa wa baridi na unanuka bati.

Nini tena? Maisha. Jumba likafungwa, likawa ghala la saruji, likawa ghala la magodoro, likawa nyumba ya popo. Ukafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Tukazaa, tukasomesha, tukagombana juu ya chumvi na juu ya ndugu zako, tukazeeka. Sikudhani kwamba nitatamani hata ule ugomvi wa chumvi.

Maana sasa kichwa chako ndicho kilichonyeshewa, mume wangu. Namba zimefutika. Asubuhi unamtafuta mama yako, mchana unataka kwenda shule, jioni unamwita binti yetu kwa jina la dada yako aliyekufa zamani. Hayo niliyavumilia. Mtu akikosea mpangilio lakini vipande vyote vipo, utasemaje? Mpaka asubuhi ile nilipokuletea chai. Ukaipokea kwa mikono miwili, ukaniambia ahsante sana mama, Mungu akubariki, na wewe ni nani? Nikasema ni mimi. Ukaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu asiyekuhusu. Ungenitukana nisingeumia vile. Niliingia bafuni nikafungulia bomba, nikalia maji yakimwagika.

Toka siku hiyo nimekuwa mgeni wako. Nakuogesha mgeni wako, nakufunga vifungo mgeni wako. Usiku unajisogeza ukutani ili usinibane, kwa heshima.

Nikasikia sokoni kwamba jumba linabomolewa. Sikulala. Nilitaka jambo moja tu, wala si kubwa: unijue. Mara moja, kwa kadiri ya kumaliza kikombe cha chai, halafu usahau tena ukitaka. Na kama hutanijua pale, mahali tulipoanzia, basi hutanijua popote. Binti yetu alisema utamchosha bure, mama, kubali tu, baba ameshaondoka. Nikamwambia baba yako alikuwa anachelewa, lakini alikuwa anafika. Akanisaidia kukuvisha viatu.

Mlinzi wa pale alitutazama, mzee na kikongwe wake, akafungua lango bila maneno mengi. Akasema tusikae sana, mafundi wamekula, wanarudi sasa hivi. Mabati ya juu yalikuwa yameshaanza kung'olewa. Viti vilikuwa vimerundikwa pembeni, miguu juu. Nilichomoa kimoja, nikakitikisa, kikalia, nikakitambua. Nikakuwekea katikati ya ukumbi. Nikatoa kurunzi kwenye mkoba nikakumulikia miguu, mchana kweupe, na wewe ukafuata mwanga mdogo ule hatua kwa hatua, ukakaa vizuri, ukavuta suruali magotini kama mtu aliyekuja kutazama.

Kitambaa hakikuwepo. Ulibaki ukuta, na alama ya pembe nne mahali kilipokuwa.

Nikatoa kengele. Ndiyo, ileile, baiskeli iliuzwa ikiwa kutu, kengele niliificha kwenye kabati la nguo. Niliipiga mara moja, sauti ikazunguka kuta zote, ikapanda mpaka kwenye tundu la mashine ikarudi.

Ukasimama. Wewe usiyesimama bila kushikwa, ulisimama peke yako, mgongo umenyooka. "Kimefika," ukasema. Na uso wako, jamani, uso wako ukafunguka. Ulitazama ngazi, ulitazama mlango, ulitazama mahali lilipokuwa pazia. Kisha ukanigeukia mimi. Ukatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekunywa maji yangu bila kuomba. Moyo wangu ulisimama pale kama mjinga, ukisubiri jina lake.

"Dada," ukaniambia, "ile ya siku ya mvua, iliishaje?"

Dada. Nimekuzalia, nimekuzeekea, nimekuwa dada wa mlangoni. Nilitaka kukaa chini nilie hadi mafundi wanikute. Lakini uliniuliza, na ukiniuliza hivyo mimi hujibu. Sijui kufanya vingine.

"Alikufa," nikasema. "Wakamzika. Halafu akarudi kwake, akabisha hodi."

Ukakaa taratibu, unasikiliza kwa mwili mzima.

"Mkewe akamjua?"

"Akamjua. Hata kabla hajafungua mlango."

Ulifurahi. Nikaona unavyofurahi, na nikaona furaha yenyewe ikianza kupungua, kwa kuwa jambo fulani lilikuwa linakusumbua. Uliniangalia macho, ukaniangalia mikono, ukarudi machoni. Ulikuwa karibu, Mungu ni shahidi, ulikuwa kona ya mwisho.

"Na yeye?" ukauliza. "Yeye alimjua mkewe?"

Nje mafundi walikuwa wamerudi. Nyundo ya kwanza ikapiga ukuta wa nyuma, karibu na tundu la mashine, na ukumbi wote ukatikisika. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na jina langu mdomoni. Lakini niliuona ule uso, uso wa mtu aliyekatiziwa filamu, na nikajua kwamba nikikwambia ukweli utalia, na utalia hujui unalilia nini.

"Tulia," nikakwambia. "Kinakuja."

Ukatulia. Uliamini papo hapo, kama walivyoniamini wote zamani. Ukaweka mikono magotini, ukautazama ukuta mtupu, ukangoja. Nikavuta kiti kingine, chenye msumari, nikakaa ubavuni mwako.

Nyundo ikapiga tena, na vumbi likainuka. Lilitoka kwenye matofali ya ule ukuta, likapanda, likakutana na jua lililopenya palipong'olewa mabati, likaanza kucheza. Ulilinyooshea kidole ili na mimi nilione. Lilipita juu yetu liking'aa, halikuwa na picha ya kupeleka, likashuka polepole kwenye nywele zako na kwenye magoti yangu. Nilikuwa bado nimeishika kengele. Niliifunika kwa kiganja, isije ikalia.