Mizizi Iliyopakwa Vanishi

Umeipita mara ngapi? Usinidanganye. Mlango wa vioo wa jengo la kampuni unafunguka, macho yako yanarukia simu, na ile sanamu ya udongo, ndefu kukuzidi, inabaki kutazamana na mlinzi.

Basi nikueleze unachokikwepa. Juu kuna mji: nyumba mia na ushei, nyeupe, zinang'aa kama meno ya bandia. Chini kuna mizizi minene kama mapaja, nayo shangazi yangu aliichoma tanurini bila kuipaka chochote. Ndani ni uwazi mtupu. Alijaza maji ya chemchemi ya bondeni, palepale alipochimba udongo wenyewe, yakapenya taratibu hadi mizizi ikalowa kama shingo ya mchukuzi. Mji mkavu, mizizi inatoka jasho. Habari yote ilikuwa hiyo.

Lakini kampuni iliyoiagiza ilikuwa inalitaka na bonde.

Siku ya uzinduzi, miaka kumi na miwili iliyopita, meneja alipita asubuhi akipangusa kiatu.

"Mama, chombo chako kinavuja."

"Hakivuji. Kinafanya kazi. Wewe ukifanya kazi hutoki jasho?" Shangazi akamkagua juu mpaka chini. "Au nimemuuliza asiyehusika?"

Mafundi umeme walicheka hadi ngazi yao ikatikisika. Meneja hakucheka. Alisubiri shangazi aende kubadili nguo, kisha akanishika bega mimi, mtu mzima wa miaka thelathini, niliyefinyanga mizizi ile na shangazi kwa miezi saba, akaniwekea kopo la vanishi mkononi.

"Wewe ni mwelewa, kaka. Tusiaibishane mbele ya wageni."

Nilikuwa mwelewa. Mungu anisamehe, nilikuwa mwelewa sana. Nilipaka mara tatu.

Mchana ule hotuba ikasema sanamu inaonyesha jinsi maendeleo na mazingira yanavyoweza kukaa pamoja bila kusumbuana. Na ushahidi si ulikuwa pale? Mizizi mikavu, inameremeta, imeridhika. Makofi yakapigwa. Shangazi akapitisha kiganja kwenye mzizi mmoja, akakinusa. Hakumtazama meneja. Alinitazama mimi.

"Umeniziba mdomo, baba."



Wiki ileile malori yakaanza kumwaga kifusi bondeni. Nani angepinga, na tulishaambiwa hakuna anayesumbuliwa? Nusu ya bonde ikawa maegesho. Gari lako limo humo, pengine. Tangu hapo sijanyamaza, na anayechoshwa na kelele zangu achoke tu.

Juzi niliingia kuiangalia. Vanishi inabanduka kama ngozi ya aliyeungua, na mzizi wa kushoto umelowa. Nikadhani macho yangu yananidanganya. Mfagizi akaniambia, bila kuacha kufagia, kwamba miaka yote hii yeye ndiye huijaza, ndoo kwa ndoo, kutoka ile nusu ya bonde iliyobaki.

"Ikikaa bila maji naiona kama ina kiu," akasema. "Nyie wengine sijui mnaionaje."

Nusu hiyo inafukiwa leo. Shangazi yuko ukingoni mwa chemchemi, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, uso ameuelekeza kwenye malori. Hakunikaribisha. Nimekaa hivyohivyo, na kando yetu pana nafasi. Zima hiyo simu, toka kwenye hayo mavioo, uje ukae. Sasa hivi, kabla dereva wa lori la mbele hajamaliza chai yake.