Daktari na Sikio la Mama Mkwe

Mimi sina subira, na sijawahi kusema ninayo. Nasuka watu nywele kutwa nzima, nasikiliza habari za ndoa zao hadi kichwa kinauma, nikirudi nyumbani nataka mtu anijibu kwa sentensi iliyokamilika. Sasa Mungu akanipa mama mkwe anayetoa maneno kama anatoa meno.

Alikuwa mpokea simu, wa enzi za mashine kubwa na waya za kuchomeka, mpaka akastaafu. Mtaani wanamwita Mama Simu. Kazini walifundishwa kusema kwa ufupi, kutorudia neno, na kutobishana na mtu wa upande wa pili. Wenzake walipostaafu hayo waliyaacha ofisini. Yeye alihama nayo. Ukimuuliza kama mboga imekosa chumvi anakwambia, "Imekosa," basi, utajua mwenyewe. Na mwanawe, ambaye ni dereva wa lori na hakai nyumbani, ananiambia eti mama yake ni mpole. Angeshinda naye yeye.

Basi mama akapasuliwa ngiri ya kitovuni. Ni upasuaji wa kawaida, watu wanafanyiwa kila siku, kesho yake akaruhusiwa. Daktari, dada mmoja kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, akatueleza hakuna haja ya kumrusharusha mama kwenye mashimo ya barabara kwa ajili ya kuangaliwa kidonda tu. Atakuwa anampigia simu ya video, amwone, amuulize, amwelekeze, na kukiwa na tatizo ndipo tuje. Nikafurahi kweli. Nikaiandaa simu ya mama, nikamwonyesha pa kubonyeza.

Simu ya kwanza nilikuwepo. Ilipoita mama akajiweka sawa kitandani, akabonyeza nilipomwonyesha, kisha akaibandika sikioni.

"Mama, naona sikio," daktari akasema.

"Nakusikia vizuri," mama akajibu.

Nilicheka hadi nikashikilia mlango. Nikamwambia, mama, hii inawekwa mbele ya uso. Akaitoa, akaitazama kwa mashaka, akairudisha palepale. Daktari naye akacheka, akaisifia hereni, akauliza maumivu, akajibiwa madogo. Homa, hakuna. Siku hiyo kweli mama alikuwa hajambo, kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Kidonda chenyewe sikuwahi kukiona. Mama mkwe anifunulie tumbo mimi, mke wa mwanawe? Alikuwa anajifungia chumbani, anabadilisha bandeji mwenyewe, anatoka na kifuko cha taka kimekazwa fundo. Nikimwomba nimsaidie, "Nimemaliza." Ningefanyaje? Mdomo wangu ulikuwa umeshaniponza vya kutosha katika nyumba ile, sikutaka na mikono iongezee.

Simu ya pili ilipigwa nikiwa saluni. Mchana nikapita nyumbani kumwangalia, nikamkuta amelala ameelekea ukutani, chai ya asubuhi imefanya utando. Nikamwamkia. "Shikamoo, mama." Alichelewa kuitikia, na huyu ni mtu wa kuipokea shikamoo kabla hujaimaliza.

"Daktari amepiga?"

"Amepiga."

"Amesemaje?"

"Niendelee hivyohivyo."

Nikatulia. Daktari si ndiye aliyesomea? Nikampikia uji, lakini nilipomshikisha kikombe vidole vyetu vikagusana, nikashtuka. Mkono wake ulikuwa wa moto kuliko kikombe. Hasira ikanipanda, au labda ulikuwa woga, kwangu hivyo viwili huwa sivitofautishi. Nikaichukua simu yake pale kwenye mto bila kuomba. Alinitolea macho, nikajua hili nitakumbushwa hadi uzeeni.

Nikampigia daktari kwa ile video. Alipokea muuguzi, akasema daktari yuko na mgonjwa mwingine, nipige baadaye. Nikamwambia sikati, nitamsubiri hapahapa hata chaji iishe. Hatimaye daktari akaja.

"Dada yangu," nikasema, "hivi unamwambiaje mgonjwa wa homa aendelee hivyohivyo?"

"Homa gani? Nimemuuliza anaendeleaje, akaniambia afadhali. Mtandao ulikuwa unakatakata, lakini hilo nimelisikia kwa masikio yangu."

Nikamgeukia mama. "Ulimwambia afadhali?"

Mama akafumba macho. Kurudia neno kwake ni adhabu. "Nilimwambia afadhali jana."

Kumbe neno moja lilifika, jingine likabaki njiani. Daktari alisikia mgonjwa anapata nafuu, akamwambia vizuri sana mama, endelea hivyohivyo. Na mama, ambaye alikuwa amesema leo hali ni mbaya kuliko jana, akapokea jibu hilo akaona ndiyo amri. Hakuuliza. Upande wa pili ukishasema umesema. Akaendelea hivyohivyo na homa yake na maumivu yake, kwa utii, peke yake, amegeukia ukuta.

"Hilo 'jana' halikunifikia," daktari akasema, na sauti yake ikawa nyingine kabisa. "Nionyesheni kidonda sasa hivi."

"Mama, funua tumbo daktari aone."

"Mbele yako?"

Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, na nilimwonea huruma. Mtu ameitunza heshima yake maisha yote, halafu mkwe anasimama kando ya kitanda chake kumwamrisha afunue tumbo. Nikamwambia nitageuka, sitaangalia. Nikaelekea kabatini, nikaishika simu nyuma ya mgongo, daktari akawa ananiongoza: juu kidogo, kushoto, hapana, kushoto kwako, rudi nyuma. Nikarudi nyuma nikaugonga ukingo wa kitanda, mama akaguna. Mtu angeingia angedhani tunacheza kombolela. Kisha nikasikia plasta inabanduka, na harufu ikanifikia kabla daktari hajasema chochote.

"Mleteni," akasema. "Msingoje kuoga wala kubadili nguo. Nitawaambia wampokee mlangoni."

"Aliniambia niendelee," mama akasema, taratibu, kama mtu anayeomba radhi. "Nitamsumbua."

Hapo nikageuka, ahadi au si ahadi. Tumbo lilikuwa limevimba, ngozi imeiva na kung'aa hadi mbali na kidonda, nyuzi zimezama ndani ya nyama. Na mtu mwenye tumbo hilo alikuwa anaogopa kusumbua.

"Msumbue, mama," nikasema. "Nisumbue na mimi. Ukifa hivi kimyakimya mwanao nitamwambia nini, na mimi nitagombana na nani?" Nilikuwa nalia na kumvisha viatu, kimoja nilikiweka mguu usio wake, na hakunisahihisha.

Hospitali walikifungua kidonda, wakatoa usaha, wakamtundikia dripu. Wakatuambia kingelala hadi kesho yake, sumu ingeingia kwenye damu, na hapo hakuna ambaye angetuahidi kitu. Niliposikia hivyo niliketi sakafuni palepale koridoni.

Daktari alikuja kitandani mwenyewe. Aliinama, akamshika mama mkono. "Nisamehe, mama. Ilinipasa nikuulize tena."

"Na mimi nirudie," mama akasema. Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa hotuba.

Kidonda hakikushonwa tena. Kiliachwa wazi kipone kuanzia ndani, kwa hiyo kila siku lazima kisafishwe na kujazwa shashi mpya. Siku ya kuruhusiwa muuguzi akauliza ni nani atakayeifanya kazi hiyo nyumbani. Nikajifanya naangalia dirishani, nimsitiri. Nilijua jibu litakuwa "Mwenyewe."

Mama akalivuta shuka kwa mkono wake hadi tumbo likabaki wazi, mchana kweupe, mimi nimesimama palepale.

"Mfundishe huyu," akamwambia muuguzi.

Nikavalishwa glavu. Mikono hii inasuka nywele nyembamba kama nyuzi bila kukosea, lakini siku ile kibano kilinigonga bakuli. Mama alikuwa ananitazama.

"Uliponinyang'anya simu nilikasirika sana," akasema. "Nilikuwa nimeshakubali kufa kwa adabu."

Nikailowesha shashi, nikainama, nikagusa ukingo wa kidonda. Mwili wake wote ukakakamaa, mkono wake ukatoka chini ya shuka ukanishika bega.

"Inauma," akasema. "Inauma sana, mwanangu. Hapo chini, na hapa pembeni, na usiku inazidi."

Nikamwambia aseme yote.