Kasoro ya Mkono wa Kulia

Roho iliniuma, na sitaki kuipamba. Chiriku, binti niliyemfundisha hata kutunga uzi kwenye sindano, alituma picha ya gauni la harusi alilolishona kwenye grupu letu la mafundi cherehani, na gauni lilikuwa zuri kuliko lolote nililowahi kushona. Bibi harusi mwenyewe ni mtoto wa mteja wangu wa tangu miaka kumi na minane iliyopita. Nilimshonea mama yake, nikamshonea yeye sare za shule, na siku ya siku akapita mlangoni kwangu kama hanijui.

Grupu lile lina mafundi sitini na tatu na desturi moja: hakuna anayetia neno kabla yangu. Wananiita Bi Futi kwa sababu ya futi isiyotoka shingoni. Nikisema nzuri, ni nzuri. Basi wakawa wananingoja, nami nikaikuza picha ile inchi kwa inchi nikitafuta kasoro. Sikuipata. Nikaandika: "Mkono wa kulia umevuta kidogo."

Dakika haikupita.

"Umevuta sana, Bi Futi. Wewe umemstahi tu."

"Hata kiuno kimekaa upande."

Mmoja akauzungushia mkono duara jekundu. Mwingine, ambaye suruali zake huletwa kwangu kufumuliwa, akauliza kama gauni lilishonwa kwa miguu. Kisha: "Arudi kushona foronya." Penye wengi pana mengi. Chiriku akaandika, "Naombeni mnielekeze," wakamjibu kwa vicheko. Ningeweza kuwanyamazisha kwa neno moja. Nikachukua pasi, nikaendelea kunyoosha suruali ya mtu.

Picha ilimfikia bibi harusi, duara na yote. Kesho yake asubuhi alikuja dukani, macho yamevimba, gauni mkononi.

"Mama, niokoe. Harusi ni Jumamosi, na kila nikilitazama naona huu mkono tu."

Nililitandaza mezani, nikapima mikono yote miwili mara tatu. Haikupishana hata upana wa uzi. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikafumua mkono wa kulia, nikaurudishia palepale, kwenye matundu yaleyale ya sindano ya Chiriku. Bibi harusi akalivaa, akajigeuza kwenye kioo, akanikumbatia.

"Sasa umetulia," akasema.

Nikatuma picha. Mioyo ikamiminika. "Hiyo sasa ndiyo kazi." "Ukubwa dawa, Bi Futi." Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa muda wa kusoma jumbe nne au tano.

Kisha likatokea jina la Chiriku.

"Ahsante, mwalimu. Nimezilinganisha picha zote mbili. Sasa naona nilipokosea."