Aliyewaita Wageni

Mabango yalipandishwa mwanzoni mwa wiki, na siku chache baadaye hapakuwa na kona ya mji isiyo na lile jicho kubwa la kijani, likiwakodolea wapita njia. Chini yake paliandikwa: HODI KUTOKA JUU IMERUDI. SAFARI HII MTAJUA WALIKUJA KUFANYA NINI.

Bi Pilipili aliliona la kwanza akiwa kwenye foleni ya magari, anaelekea kazini. Hakutukana wala hakuguna. Aliinua macho, akalitazama na lenyewe likimtazama, mpaka dereva wa nyuma akampigia honi.

Jina hilo la Bi Pilipili alipewa na wasikilizaji. Alikuwa na kipindi cha asubuhi redioni cha kuchambua yaliyoonyeshwa kwenye televisheni, na ulimi wake haukuwa na breki. Waigizaji walisikiliza kipindi chake wakiwa wamejificha chooni, simu sikioni. Lakini ni wachache waliokumbuka kwamba kabla ya redio alikuwa mke wa Mwongozaji, yule yule aliyeitengeneza Hodi Kutoka Juu ya zamani. Na waliojua kwamba tamthilia yenyewe, ya viumbe wa sayari nyingine wanaoteremka duniani na kubisha hodi nyumba kwa nyumba kama wageni wa kawaida, ilizaliwa kichwani mwake yeye, hao walikuwa wachache zaidi.

Aliiandika jikoni, mtoto akiwa pajani. Mwongozaji alikuwa na kamera na marafiki, yeye alikuwa na maneno. Waligawana kazi kama mume na mke wanavyogawana shuka, bila kuandikishana. Nchi nzima ikawa inakaa sebuleni kuitazama. Kisha akaja mwigizaji mmoja, binti mzuri wa kupindukia, watu walimwita Kipusa. Hakuwa na pa kulala karibu na studio. Bi Pilipili mwenyewe ndiye aliyemtandikia kitanda katika chumba cha wageni. Kwa nini niyarefushe? Mgeni alibaki, mwenyeji akaondoka.

Talaka aliimeza. Kilichomkwama kooni ni neno moja. Mwandishi wa gazeti alimuuliza Mwongozaji kama aliyekuwa mkewe alishiriki kuandika hadithi ile, naye akacheka. "Yule? Yule alikuwa mpiga chapa tu."

Tamthilia ikafa katikati, maana mpiga chapa aliondoka na mwisho wake. Watazamaji hawakuwahi kujua wageni wale walikuja kutafuta nini. Bi Pilipili alikuwa akijua miaka yote hiyo, na hakumwambia mtu.

Sasa Meneja wa vipindi alimwita ofisini, akamwonyesha kiti.

"Wasikilizaji wanataka kujua utaionaje hii Hodi mpya," alisema. "Lakini dada yangu, mimi naogopa. Wewe na yule bwana..."

"Mimi na yule bwana tulishamalizana mahakamani. Nitaitazama kama mtu mwingine yeyote. Nitasema nilichokiona."

"Bila matusi?"

"Umewahi kunisikia nikitukana? Mimi nasifu tu, watu wanalia wenyewe."

Jioni hiyo binti yake akaja. Yule mtoto wa pajani sasa alikuwa fundi wa sauti, na kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa hiyo hiyo tamthilia ya baba yake. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama, najua una haki yako. Mseme baba utakavyo. Mseme na mkewe. Ila kazi yenyewe usiiue. Tumo wengi mle ndani. Mimi nimo."

"Nitaitazama kwanza."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo, mwanangu. Kunywa chai."

Siku ya sehemu ya kwanza alikwenda kuitazama kwa dada yake. Dada alikuwa mshonaji, akishona huku macho yakiwa kwenye televisheni. Shemeji yake alikuwa mtu wa kuuliza "huyu ni nani?" kila sura mpya inapotokea.

Bi Pilipili alikuwa amejiandaa kucheka. Katika Hodi ya zamani wageni walivalishwa karatasi za kung'aa za kufungia vyakula, na mmoja wao aliwahi kuonekana na saa mkononi. Alitumaini kuona upuuzi kama huo, ulioongezwa rangi tu.

Haikuwa hivyo. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulimuuma kuliko upuuzi wowote. Mtaa ulikuwa mtaa wa kweli, wenye nguo kambani na mbwa mvivu. Wageni walikuwa warefu, ngozi yao mbichi kama ya chura, na walisimama mlangoni kwa adabu iliyotia baridi mgongoni. Wa kwanza alibisha, akakaribishwa, akaketi. Kiti hakikulia. Mwili mkubwa kama ule, kiti cha mbao kibovu, na hakuna mlio hata kidogo. Dada mtu aliacha kushona.

"Ni mwanangu huyo," Bi Pilipili alinong'ona. "Huo ukimya ni kazi ya mwanangu."

"Huyu mama ni nani?" shemeji akauliza.

Ni Kipusa, sasa mtu mzima, akicheza mkunga wa mtaa, mama mpole aliyewapokea watoto wote wa pale. Alikuwa wa kwanza kuwafungulia wageni. Na hapo ndipo Bi Pilipili alipoona. Juu ya meza ya mkunga palikuwa na vikombe vimepangwa, kimoja kwa kila mgeni. Vilikuwa vimepangwa kabla hodi haijapigwa.

Mtazamaji wa kawaida asingetambua. Lakini Bi Pilipili aliweka glasi chini. Vikombe vile ni vyake. Zamani, wakiwa bado mke na mume, alikuwa akiosha vyombo huku akimsimulia Mwongozaji jinsi hadithi itakavyoishia. Alikamata kikombe chenye povu, akasema: tutawaonyesha vikombe mwanzoni kabisa, na hakuna atakayeelewa mpaka mwisho.

Basi kumbe hakuibiwa mwanzo tu. Hata mwisho alioondoka nao kifuani, mwenzake alibaki na nakala, akaingoja mpaka mwenyewe asahaulike.

Sehemu ilipokwisha, yakafuata mahojiano. Mwongozaji alikaa na mkewe kwenye kochi jeupe, mvi zimemkaa vizuri. Mtangazaji akamuuliza hadithi hii aliipata wapi.

"Nilikuwa jikoni peke yangu," akasema Mwongozaji, sauti ya chini ya mtu anayefichua siri, "nikiosha vikombe..."

"Huyo!" Dada mtu alirusha kitambaa alichokuwa akishona. "Huyo aoshe kikombe? Huyo aliyekuwa akikuita kutoka chumbani uje umpe maji yaliyo mezani kwake?"

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Bi Pilipili hakucheka. Alijisikia mtulivu, mtulivu ajabu, kama mtu ambaye ameutafuta ufunguo siku nzima akaukuta mfukoni.

"Dada," alisema, "dawa ya moto ni moto."

Asubuhi aliingia studio akiwa amevaa vizuri, ingawa redioni hakuna anayekuona. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, akamwinulia dole gumba. Taa nyekundu ikawaka.

"Wapenzi wasikilizaji, mmeniuliza nimeionaje Hodi mpya. Nawaambieni bila kinyongo: ni nzuri. Picha ni nzuri. Sauti ni bora kuliko zote nilizowahi kusikia katika tamthilia zetu, na aliyeifanya ni msichana mwenye kipaji cha kuogopesha. Mkunga naye kacheza vyema, maana kuingia nyumba za watu kwa upole ni jambo analolijua." Fundi mitambo akaziba mdomo. "Basi kwa kuwa nimeipenda sana, nataka niwape zawadi. Wamewaahidi kwamba mtajua wageni walikuja kufanya nini. Kwa nini msubiri? Mimi nitawaambia sasa hivi."

Meneja alitokea nyuma ya kioo, shati nusu limechomekwa, akipunga mikono yote miwili. Bi Pilipili akamgeuzia mgongo.

"Wageni hawakuvamia. Waliitwa. Aliyewaita ni yule mkunga. Zamani mtaa ule ulimsingizia uchawi, wakaichoma nyumba yake mchana kweupe, na kila mtu akatazama. Akakaa nao, akawapokelea watoto, akatabasamu. Na kila jioni alikuwa akipanda kilimani kuwasha taa, akiita. Mkitaka ushahidi rudieni sehemu ya kwanza: vikombe vimo mezani kabla ya hodi. Mwishoni atamwonyesha mkuu wa wageni mlango wa kila aliyetazama, mmoja baada ya mwingine. Mlango wa mwisho utakuwa wa mtoto wake mwenyewe. Hapo ndipo atakapotaka kusimamisha, na haitawezekana. Mtauliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu niliitunga. Siku ile kulikuwa na mtu jikoni akiosha vikombe, ni kweli. Hakuwa yeye."

Simu zilianza kulia kabla hajavua vifaa vya masikioni. Mmoja alimwita shujaa. Mwingine alilalamika, karibu alie, kwamba amemharibia raha ya miezi. Mzee mmoja alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," akakata.

Usiku huo alilala kama mtoto mchanga. Alikuwa amesikia kwamba kisasi hunyima usingizi. Huenda ni cha watu wengine.

Kesho yake Mwongozaji alikuja mwenyewe redioni. Walikutana mapokezini, kwenye yale makochi ya plastiki. Hakuwa na sauti ya chini tena.

"Umeniua! Sehemu zote tumeshazipiga picha, hadi ya mwisho! Nifanye nini sasa?"

"Zionyeshe. Kila wiki utakuwa unanitaja mbele ya nchi nzima, bila kufungua mdomo."

"Wakubwa wa kituo wanataka mwisho ubadilishwe. Na wanasema siri imevuja." Aliangalia sakafu. "Wanasema aliyevujisha ni binti yetu."

Bi Pilipili hakuwa amelifikiria hilo. Aliona vikombe, aliona kochi jeupe, aliona kila kitu isipokuwa hilo. Akamsogelea.

"Basi hapo wewe una dawa. Nenda uwaambie mwisho ni wangu, nilikusimulia mwenyewe. Mtoto atasalimika leo leo."

Mwongozaji alipangusa uso.

"Neno moja, bwana. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili yake."

"Siwezi," akasema. "Unajua siwezi. Wakijua si yangu, nimekwisha."

"Nilidhani nakuchukia," alisema Bi Pilipili. "Kumbe nilikuwa naanza tu."

Asubuhi iliyofuata alitangaza redioni kwamba binti yake hakumwambia chochote. Wakubwa hawakujali. Mama kumtetea mwanawe, nani atamsadiki? Binti aliachishwa kazi, na mwisho mpya ukapigwa haraka haraka.

Wiki zikapita, na kila sehemu ikatoka kama alivyosema Bi Pilipili: taa ya kilimani, nyumba iliyochomwa, milango. Watu walikuwa wakitazama huku wakihesabu, "Alisema! Hata hili alisema!" Sehemu ya mwisho ikaja, na gari likaingia mtaroni. Ghafla ikaonekana kwamba wageni waliitwa na mtambo wa simu uliopata hitilafu. Mkunga hakuhusika na lolote, alikuwa mama mwema tu aliyependa kupanga vikombe. Nchi ilicheka hadi ikaishiwa pumzi. Kwenye bango lililokuwa karibu na redio, mtu asiyejulikana alichukua mkaa akaandika pembeni ya jina la Mwongozaji: mpiga chapa. Bi Pilipili alisimamisha gari, akateremka, akalisoma taratibu herufi kwa herufi. Aliupenda hata mwandiko wenyewe uliopinda.

Binti hakuwa amekanyaga kwake tangu alipoachishwa kazi. Alipokuja, alikuja kuchukua godoro lake na mashine zake za sauti. Alikuwa amepata kazi mji mwingine, ya kurekodi michezo ya redio.

"Nilimwendea baba," alisema, akiwa amesimama. "Nilimwomba aseme. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia mambo ya wakubwa ni magumu."

"Pole, mwanangu."

"Bado. Wewe nawe nina neno lako. Baba alikuwa na neno moja la kuniokoa, akalimeza. Wewe ulikuwa na neno moja la kuniangamiza, ukalitema. Nilikuomba, mama. Hapo, kwenye kochi hilo."

"Uliniomba."

"Ungejua watanisingizia mimi, ungenyamaza?"

Bi Pilipili angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa jibu jepesi, na binti alilihitaji. Alimtazama, kidevu kile cha baba yake, macho yale yaliyokuwa yake mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Ningelia kwanza. Halafu ningesema."

Binti alivuta pumzi, akaiachia. Hakumkumbatia, wala hakubamiza mlango. Aliinama akashika ncha moja ya godoro.

"Ngazi ni nyembamba," alisema. "Shika huko nyuma."

Wakalibeba, binti mbele, mama nyuma asione anakokanyaga. Kwenye kona ya ngazi godoro likakwama.

"Inua, mama. Si hivyo. Kushoto. Kushoto kwangu, si kwako."

Bi Pilipili, ambaye hakuwahi kuamrishwa na mtu tangu aachike, akainua, akageukia kushoto.