Pasipoti ya Resty Yaenda Ruwi

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, Resty alivaa viatu vyake vya kutokea, akatia viatu vya mwanawe kwenye mfuko wa nailoni, akatoka. Alishuka mtaa wa magereji, akapinda msikitini, akavuka barabara kubwa iendayo Ruwi, akakuta mbele yake lango la nyumba aliyotoka. Akajaribu upande wa Mutrah. Alipita duka la matairi, akampita fundi cherehani, akafika nyumba ile ile, safari hii kwa mlango wa nyuma.

Mtaa mzima wa Darsait unalijua jambo hili. Barabara humpeleka mtumishi pale ilipo pasipoti yake, au inakoelekea. Ya Resty imo kwenye droo ya mwajiri wake, Bi Khulood, chini ya vitambaa vya meza. Msichana wa jirani, ambaye yake anayo wakala aliyemleta kazini, kule Seeb, kila Ijumaa hutembea mpaka miguu ikamvimba, akafika mlangoni kwa wakala, ambaye Ijumaa hafungui.

Miaka miwili Resty hakulalamika. Lakini leo dada yake Nakitto, aliyemaliza mkataba Qurayyat, angebadilisha basi Ruwi saa nne, aende uwanja wa ndege, arudi kwao Masaka. Yeye ndiye angempelekea mtoto viatu.

"Madam, nimetoka mara mbili," Resty alisema jikoni. "Road inanirudisha. Na bus ya dada yangu haitaningoja."

Bi Khulood alikuwa akichambua mchele wa wageni wa mchana. Akaweka sinia chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha zaidi.

"Maskini! Mbona hukunambia mapema? Nnakwenda na paspoti yako Ruwi sasa hivi."

"Si unipe tu mimi, Madam? Nitaishika vizuri."

"Utaipoteza, mwanangu. Paspoti si kitu cha kuchezea. We malizia mchele, kisha unifuate."

Akaitia kwenye mkoba, akawasha gari, akaondoka.

Resty alimaliza mchele, akatoka. Mtaa wa magereji ulimfikisha Ruwi kwa dakika kumi. Hata angepinda Mutrah angefika Ruwi. Alipita mnara wa saa, akaliona gari la Bi Khulood karibu na kituo cha mabasi, kiyoyozi kinanguruma, na mbele yake Nakitto amekaa juu ya begi lake.

Walikumbatiana, wakalia kidogo.

"Na kwa nini asikupe pasipoti yako ukae nayo mwenyewe?" Nakitto aliuliza kwa Kiganda.

"Anasema nitaipoteza."

Nakitto akatikisa kichwa. Dereva wa basi akapiga honi, naye akabeba begi na kwenda mlangoni mwa basi. Wakati huo huo simu ya Bi Khulood ililia: wageni wamewahi. Akageuza gari kurudi nyumbani, pasipoti mkobani.

Resty alikumbuka viatu. Akanyanyua mfuko, akamwita dada yake, akapiga hatua moja, mbili. Ya tatu ilikanyaga mbele ya lango, Darsait.

Bi Khulood alifika robo saa baadaye, akairudisha pasipoti chini ya vitambaa.

"Mmeonana?"

"Tumeonana, Madam."

"Alhamdulillahi. Siku nyengine njia ikikukatalia, nambie mapema."

Resty aliweka mfuko juu ya friji, akaanza kumenya vitunguu. Viatu vilikuwa vya mtoto wa miaka minne. Mwezi ujao mwanawe anatimiza mitano.