Ndama Kwenye Mchanga Mpya

Mume wangu Mughwai ni mbishi kupindukia. Asubuhi nilimwambia upepo huu si wa kawaida, akacheka, akawavusha ng'ombe kwenda kulamba chumvi kisiwani. Kisiwa chenyewe ni ukanda mwembamba wa mchanga unaolikinga shamba letu na Ziwa Kitangiri. Miaka yote kwato zimekanyaga njia ileile, mpaka mchanga ukabonyea katikati.

Alasiri dhoruba ikalivaa ziwa. Nilisimama ukingoni huku kwetu. Mawimbi yalikipanda kisiwa, yakamwagikia upande wetu, na pale kwenye njia ya ng'ombe yalipita kwa kishindo, yakichimba. Kivuko cha magotini kilikuwa kimegeuka shimo la maji yanayozunguka. Mughwai hajui kuogelea, na alikuwa akiwaswaga ng'ombe hukohuko.

"Baba Leonard, usipite hapo! Utakufa!" nikampigia kelele mume wangu.

"Ng'ombe wanajua njia!" akapiga kelele.

Nilitamani kumtukana. Njia gani, na maji yanaila? Ndipo nikaona kule kushoto, ambako kisiwa hakijakanyagwa. Kila wimbi lilichota mchanga wa mbele na kuumwaga nyuma, upande wetu. Kina cha maji kilikuwa kikijaa, na mchanga mpya ulikuwa umeanza kuchungulia.

Ndama wa Madoa, ng'ombe wetu anayeongoza kundi, alikuwa amefungwa zizini. Ndama huachwa nyumbani ili mama yake arudi na kundi zima limfuate. Nikamfungua, nikamburuta kwenye maji hadi ule mchanga mpya. Miguu ilizama, lakini chini palishika. Nikambana masikio, maskini, akalia kwa nguvu.

Madoa, aliyekwisha tia miguu ya mbele shimoni, akainua kichwa. Akageuka. Kundi likaanza kumfuata, na Mughwai akabaki njiani, maji kiunoni, fimbo juu, akiwafokea.

"Shika mkia!" nikalia. "Nakuomba, mume wangu, shika mkia!"

Ng'ombe wa mwisho alipompita, akaushika.

Walinifikia wakihema. Madoa akaanza kumlamba mwanawe. Nikampiga Mughwai kofi la bega, kisha nikamkumbatia nikilia, wala sikuona haya.

"Kesho nitawapitisha..." akaanza.

Nikamgeuza atazame. Kisiwa kilikuwa vipande viwili, na pale alipokuwa amesimama akifoka, ziwa lilipita moja kwa moja. Mughwai akakaa chini mchangani, hakubisha tena.